Elimu kwa Umma: Ukibadili Kichwa, Umebadili Risasi Nzima

Lugha yetu imeweka vitu viwili ndani ya neno moja, na mkanganyiko unaanzia hapo hapo. Risasi ni ile metali laini, nzito, ya kijivu. Risasi pia ni kile unachokisukuma kwenye chemba ya bunduki. Ndiyo maana tangu kampeni ya kuacha vichwa vya madini ya risasi ianze kushika kasi, kuna watu wanaofika mezani kwetu wakiwa wamekasirika: "Mnakataza risasi, tuwinde kwa manati?" Hakuna aliyekataza risasi. Kinachobadilika ni metali iliyomo kichwani.

Kwa hiyo tukubaliane maneno. Katika makala hii risasi ni kitu kizima, chenye ganda, fataki (kile kidude kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa. Kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwa mnyama. Metali nitaiita madini ya risasi. Makala inawahusu wenye bunduki za kuwindia za kipenyo cha kati, yaani kuanzia milimita 8 hadi inchi .375, ambao hujaza risasi zao wenyewe kwa mkono. Nachukulia kwamba unajua kutumia mashine yako ya kujazia na kwamba mizani yako ni sahihi.

Kilichonifanya niandike ni bunduki moja ya .375 H&H Magnum iliyoletwa ikiwa imekwama. Komeo halikufunguka kwa mkono, tukaligonga kwa nyundo ya mbao. Ganda lilipotoka, fataki yake ilikuwa imelala bapa hadi kingo zake za mviringo zimetoweka, na kitakoni kulikuwa na alama inayong'aa pale shaba nyeupe ilipobonyea kwenye tundu la kisukumio. Nikamuuliza mwenyewe amebadilisha nini. "Sikubadili kitu. Baruti ile ile, uzito ule ule. Nimebadili kichwa tu."

Kichwa tu! Alikuwa ametoa kichwa cha madini ya risasi cha greini 300 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) akaweka cha shaba tupu cha greini 300, akidhani uzito ukilingana mambo yamelingana. Hayajalingana. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.34, ya shaba ina gramu 8.96. Ili shaba ifikie uzito ule ule ndani ya kipenyo kile kile, lazima kichwa kirefuke. Urefu huo hauwezi kwenda mbele, kwa kuwa magazini ina mwisho wake, basi unarudi nyuma ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Juu ya hapo, shaba tupu haibonyei kirahisi inapoingia kwenye mifereji ya mtutu kama kinavyobonyea kiini laini cha madini ya risasi kilichovikwa koti jembamba. Nafasi imepungua, ukinzani umeongezeka, shinikizo linapanda. Watengenezaji huchonga mikanda kuzunguka kiwiliwili cha kichwa cha shaba ili kupunguza msuguano huo, lakini kupunguza si kufuta.

Kila kichwa kipya kinaanza upya. Unatafuta jedwali la kichwa hicho hicho, la mtengenezaji huyo huyo, kwa baruti hiyo hiyo, na unaanzia kipimo cha chini kilichoandikwa, si cha katikati wala kile cha juu alichokutajia rafiki. Hapa ndipo huambiwa, "Lakini bunduki yangu ilijaribiwa kiwandani kwa shinikizo kubwa zaidi." Ni kweli. Chini ya kanuni za CIP, tume ya kimataifa ya kujaribu silaha na risasi, .375 H&H ina kikomo cha shinikizo cha bar 4,300, na bunduki hujaribiwa kwa risasi maalumu zinazozidi kikomo kwa takriban asilimia 25. Jaribio hilo linaonyesha kwamba chuma kilihimili siku ile. Si kibali cha kuishi humo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwanza kipenyo, na sitakaa sana hapa isipokuwa kwa mtego mmoja. Bunduki za 8x57 (milimita 8 za kipenyo, 57 za urefu wa ganda) zipo za aina mbili. Za zamani zinatumia kichwa cha inchi 0.318, za baadaye zenye herufi S zinatumia cha inchi 0.323. Tofauti ni inchi 0.005, zaidi kidogo ya unene wa karatasi, na jicho haliioni. Kichwa kikubwa kikilazimishwa kwenye mtutu mwembamba, shinikizo hupanda vibaya. Kama bunduki ni ya urithi na mihuri yake imefutika, mtutu upimwe kabla hujanunua hata kisanduku kimoja. Wenye bunduki za .35 nao wajue kwamba vichwa vya bastola vya inchi 0.357 vinakaribiana na vyao vya 0.358, ila vimetengenezwa kwa kasi ndogo. Kwa shabaha ya karatasi sawa, kwa mnyama hapana.

Pili ni muundo, na hapa ndipo wengi wanapokimbilia uzito. Mwaka 1946 John Nosler, mwindaji wa Marekani, alimpiga mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose aliyekuwa na tope lililokauka mwilini. Vichwa vyake vilipasukia juu juu bila kufika ndani. Uzito haukuwa tatizo, bali vilivunjika mapema. Akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kuzama. Mwaka 1948 akaanza kuviuza. Baadaye vikaja vichwa ambavyo kiini chake kimeunganishwa na koti kwa joto visiachane, na vile vya shaba tupu vyenye tundu mbele linalofunguka kama ua. Hivi vya mwisho hubaki na karibu uzito wao wote.

Ndiyo sababu namshauri mwenye 9.3x62 aliyezoea greini 286 za madini ya risasi ajaribu shaba ya greini 250. Atalalamika kwamba ni nyepesi. Ni kweli, uzito ukilinganishwa na kipenyo unashuka kutoka 0.305 hadi 0.267. Lakini namba hiyo huhesabiwa kabla kichwa hakijagusa kitu. Kile cha greini 286 kikimwaga theluthi ya uzito njiani, kinabaki na takriban greini 190. Cha shaba kinaendelea na karibu zote 250. Isitoshe, kifupi hicho kinaacha nafasi ya baruti, na mtutu unakizungusha vizuri bila kuyumba.

Shaba nayo ina udhaifu wake, na wauzaji hawautaji sana. Inataka kasi. Vichwa vingi vya shaba havifunguki vyema vikimfikia mnyama kwa kasi iliyo chini ya takriban mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Kichwa kizito kinachotoka mtutuni kwa mita 720 hakina akiba kubwa ya umbali. Kisipofunguka kinapita kama sindano, na mnyama anakwenda kufia mbali. Soma kasi ya chini iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha hesabu mpaka umbali ambao kweli utafyatua, si ule unaousimulia.

Kuhusu sababu ya kubadili: kichwa cha madini ya risasi kinapopasuka hutawanya vipande, vingine vidogo kuliko punje ya mchanga, sentimita kadhaa kutoka kwenye jeraha. Eksirei huvionyesha, kisu hakivioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wajawazito na watoto ndio walio hatarini zaidi. Ndege wala mizoga nao hulishwa vipande hivyo kwenye matumbo yaliyoachwa porini. California ilipiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tarehe 1 Julai 2019, na Denmark ikapiga marufuku vichwa vya bunduki vya madini hayo mwaka 2024. Anayesafiri na bunduki asidhani sheria ya kwao inamfuata.

Utaratibu sasa, na nauandika kirefu kwa kuwa hausomwi. Kibali cha kumiliki bunduki mara nyingi si kibali cha kujaza risasi wala cha kuhifadhi baruti, basi uliza kabla hujanunua mashine. Kila kisanduku kiwe na lebo yenye jina la kichwa na uzito wake, aina ya baruti na kipimo, fataki, urefu wa risasi nzima, tarehe, na bunduki iliyokusudiwa. Andika "greini" au "gramu" kwa herufi. Gramu moja ni greini 15.43, na mizani ya kidijiti haikuulizi ulikusudia ipi. Kwetu kisanduku kisicho na lebo huhesabiwa kuwa na risasi zisizojulikana: hakipimwi, hakirudishwi, kinateketezwa, hata mwenyewe akiapa anakumbuka. Ikitokea ajali, daftari lako ndilo linaloombwa kwanza, na asiyekuwa nalo hubaki akijieleza kwa mdomo mbele ya mchunguzi na mbele ya bima.

Kabla ya kwenda porini fanya jaribio moja dogo. Jaza magazini, pima kwa kalipa urefu wa risasi ya chini kabisa, fyatua zile za juu yake, kisha itoe uipime tena. Teke la bunduki hizi husukuma vichwa ndani ya maganda. Ikiwa imefupika, mdomo wa ganda haujakibana kichwa vya kutosha.

Na zile ulizokwisha kujaza kwa kipimo cha zamani juu ya kichwa kipya, usizifyatue "zimalizike". Zivunje kwa nyundo ya kung'olea vichwa, moja baada ya nyingine. Maganda na vichwa utavitumia tena. Baruti isirudi kwenye kopo lolote kama huna uhakika wa asilimia mia ilitoka kopo gani.