Umekamatwa ukiendesha umelewa? Isome karatasi ya kipimo mara mbili

Mteja wa kesi ya ulevi barabarani akiketi mbele yangu, huwa simwombi kwanza anisimulie. Namwomba karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kupima pumzi, au majibu ya damu kama alitolewa damu. Masimulizi karibu yote yanafanana: zilikuwa mbili tu, nyumbani hapakuwa mbali, nilikuwa nimeshakula. Karatasi ndiyo inayotenganisha mtu na mtu, na kazi ya kutetea kesi hizi imenizoesha kuisoma mara mbili. Kwanza naisoma kama wakili anayetafuta kasoro za ushahidi. Kisha naisoma kama ndugu wa mgonjwa anavyosoma majibu ya maabara. Wengi huja wakitaka usomaji wa kwanza tu, na sishangai, kwa sababu ndio wenye tarehe ya mahakama.

Basi tuanze na huo. Sheria za nchi nyingi haziulizi kama ulikuwa unayumba. Zinauliza namba. Norway iliandika namba hiyo katika sheria mwaka 1936. Waingereza walifuata kwa sheria ya mwaka 1967 iliyoweka miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu. England na Wales wamebaki na kiwango hicho, Scotland wakashusha hadi 50 mwaka 2014. Majimbo ya Marekani yanatumia kiwango kilekile cha 80 ingawa wao hukiandika 0.08, isipokuwa Utah waliokishusha hadi 0.05. Sweden ni 20. Hungary na Czech hawataki hata tone. Kwa hiyo ule utetezi unaopendwa kuliko wote, "mbona nilikuwa naendesha vizuri tu", haujibu shitaka hili. Tena sehemu nyingi kuna shitaka la pili, la kuendesha huku uwezo wako umepunguzwa na kilevi, na hilo linaweza kukubana hata namba ikiwa chini ya kiwango.

Mashine ya pumzi haigusi damu yako. Inapima pombe iliyo kwenye hewa itokayo ndani kabisa ya mapafu, na uwiano wa hewa hiyo na damu umekadiriwa, yaani mililita ngapi za hewa zina pombe sawa na mililita moja ya damu: Marekani huhesabu 2,100 kwa 1, Uingereza 2,300 kwa 1. Mwili wa mtu mmojammoja haufuati makadirio hayo sawasawa. Halafu kuna pombe ya mdomoni. Ukicheua, au ukitoka kusukutua kwa dawa yenye spiriti, mashine inaweza kusoma kilichoko kinywani badala ya kilichoko mapafuni. Ndiyo maana taratibu nyingi humtaka mpimaji akutazame kwa dakika 15 au zaidi kabla hujapuliza, usile, usinywe, usitapike. Mimi hutafuta kama muda huo umeandikwa, nani alikuwa akitazama, na mashine ilihakikiwa lini mara ya mwisho.

Kuna pia suala la saa. Pombe haifiki kileleni kwenye damu mara tu unapoweka glasi chini. Huchukua nusu saa, saa moja, wakati mwingine mbili. Mtu aliyemaliza ya mwisho akaondoka papo hapo anaweza kuwa na namba ndogo alipokuwa kwenye usukani kuliko alipopimwa kituoni. Wataalamu wana hesabu ya kurudi nyuma, inayotokana na kazi ya Msweden Erik Widmark aliyeichapisha mwaka 1932. Lakini hesabu hiyo humtumikia yeyote anayeishika. Ukipimwa saa tatu baada ya ajali na namba ikaonekana ndogo, mwendesha mashtaka naye anaweza kuipeleka nyuma ikapanda juu ya kiwango.

Nitasema wazi, ingawa wenzangu wanaojitangaza kwa "kufuta kesi" hawatafurahi: kasoro za namna hii zipo, nimewahi kushinda nazo, ila ni chache kuliko wateja wanavyotumaini. Na kukataa kupimwa si njia ya mkato. Katika nchi nyingi kukataa ni kosa lenyewe, na adhabu yake hulingana na ya kulewa au huizidi.

Kama ushahidi umesimama, kinachofuata ni kukiri au kukana. Kukiri mapema kwa kawaida hupunguza adhabu. Hata hivyo usikiri asubuhi ya kwanza ukiwa bado na usingizi wa mahabusu, kabla hujajua kukiri kunabeba nini. Faini na miezi ya kufungiwa leseni hutajwa na hakimu mwenyewe. Yaliyobaki hayatajwi. Kanada, tangu Desemba 2018, inaihesabu jinai ya kuendesha umelewa kuwa kosa zito, kwa hiyo mgeni mwenye hukumu ya aina hiyo kwao anaweza kurudishwa mpakani. Rubani mwenye cheti cha Marekani ana siku 60 za kuripoti kwa mamlaka ya anga, hata kama alikuwa kwenye gari lake siku ya mapumziko. Wauguzi, walimu, madereva wa abiria, walinzi wenye silaha, kila mmoja ana kanuni zake za kuripoti, na kuficha mara nyingi huadhibiwa kwa ukali kuliko kosa lenyewe. Uliza haya kabla ya kufungua mdomo kizimbani.

Bima nitaipitia haraka. Mikataba mingi humlipa uliyemgonga, kisha kampuni hugeuka na kukudai wewe. Gari lako mwenyewe, hesabu kwamba limekwenda.

Sasa usomaji wa pili.

Mara nyingi ripoti ya askari husema mshtakiwa alizungumza kwa ufasaha, alishuka bila kushika mlango, alitoa leseni bila kubabaika. Mteja hunionyesha mstari huo kwa furaha, anaona ni utetezi. Namba pembeni ni 190. Hapo ndipo mimi huacha kuandika. Mtu asiyezoea pombe akifika 190 hatoi leseni kwa utulivu. Anatapika, analala, au anaokotwa. Anayefika hapo akaweza kujibu maswali ya trafiki ana mwili ambao umejifunza kuishi na pombe, na mwili haujifunzi hilo katika sherehe moja. Mtaani mtu huyo husifiwa kwamba pombe haimpandi. Daktari akisikia sifa hiyo huuliza maswali mengine kabisa. Na macho, mikono na uamuzi wa ghafla barabarani havikuzoea kwa kiasi ambacho ulimi umezoea, ndiyo maana anajiona mzima na bado anagonga.

Siyo mawazo yangu tu. Ujerumani, ukikamatwa na kiwango cha 1.6 kwa kila elfu, yaani takribani 160 kwa kipimo cha Waingereza, hurudishiwi leseni mpaka upite uchunguzi wa kitabibu na kisaikolojia. England, ukifika 200, au ukikataa kupimwa, au ukifungiwa leseni mara mbili ndani ya miaka 10, unawekwa kwenye kundi la hatari kubwa na lazima upimwe na daktari, damu ikiwemo, kabla ya kuendesha tena. Huko sheria imeshakubali kwamba namba kubwa ni ushahidi wa kosa na dalili ya ugonjwa kwa pamoja. Wateja wangu ndio huwa bado hawajakubali.

Namba hiyohiyo huonyesha pia asubuhi iliyofuata. Ini huishusha kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa haiongezi kasi, maji baridi hayaongezi, jasho haliongezi. Aliyelala saa 8 usiku akiwa na 160 na akawasha gari saa 12 na nusu asubuhi kwenda kazini bado ana kama 90, juu ya kiwango hata cha nchi zenye huruma. Atakuwa safi kabisa karibu saa 7 mchana. Wengine kati ya walioniita kutoka kituoni walikuwa wamevaa sare za kazi na hawakuwa wamegusa glasi siku hiyo. Pombe si chai, wahenga wa baa wanasema, na kwa hesabu hii wana haki.

Kwa hiyo baada ya kuchambua ushahidi humpa mteja maswali 10 ya kipimo cha AUDIT, kilichotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Yanauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku moja, kama umewahi kushindwa kukumbuka usiku uliopita, kama ndugu au daktari amewahi kukwambia upunguze. Moja linauliza kama huwa unahitaji kinywaji asubuhi ndipo siku ianze. Wengi hukana kabla sijamaliza kusoma. Nikiuliza kwa maneno yao, "wewe huwa unazimua?", wanacheka na kukubali. Alama 8 na kuendelea zina maana unywaji wako una hatari kwako. Hapo namtuma kwa mtaalamu wa uraibu, tena mapema, na tunakubaliana kwanza kama ripoti itaingia mahakamani au itabaki kati yetu. Hakimu anatofautisha vizuri mtu aliyeanza matibabu wiki ya pili baada ya kukamatwa na yule aliyekimbilia kliniki siku moja kabla ya hukumu.

Kuna kosa moja hapa linaloweza kuua, na hufanywa na watu wenye nia njema. Mtu anayekunywa kila siku, tena nyingi, akiogopa kesi huamua kuacha ghafla, peke yake, chumbani. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo kupanda. Hiyo ni dharura ya hospitali, msimlaumu wala kumfungia ndani. Kama mikono hutetemeka kabla ya glasi ya kwanza ya siku, kuacha kunapaswa kusimamiwa na daktari, na vitamini B1 kwa kawaida ni sehemu ya matibabu.

Baadhi ya mahakama huamuru gari lifungwe kifaa cha kupuliza ambacho hukataa kuwasha injini kikinusa pombe. Nakipenda kifaa hicho kwa sababu kinamruhusu mtu kuendelea na kazi. Ila matokeo yake yanajulikana: kikiwa kwenye gari makosa hushuka, kikiondolewa makosa hurudi kupanda. Kinalinda barabara. Hakimtibu mtu.

Nyumbani, ushauri wangu ni mfupi kuliko watu wanavyotarajia. Mwambie mwenzi wako yote kwa siku moja, pamoja na namba. Wanandoa niliowaona wakivunjika hawakuvunjwa na usiku wa kukamatwa. Walivunjwa na kweli iliyotolewa kijiko kijiko, leo faini, kesho barua ya mwajiri, keshokutwa kwamba si mara ya kwanza. Mwenzi naye ana haki ya kukataa kuwa dereva wako wa bure kwa mwaka mzima. Watoto waambieni kwa kadiri ya umri wao kabla hawajasikia shuleni. Na mtu akianza kusema afadhali nife kuliko aibu hii, msichukulie ni maneno ya hasira: kaeni naye, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Siku za kwanza baada ya kukamatwa ni mbaya kuliko siku ya hukumu.

Kesi yenye majeruhi au maiti ni ya aina nyingine, na sehemu kubwa ya niliyoandika juu hapo haitoshi. Hapo kifungo ndicho mahali mazungumzo yanapoanzia, na katika England, mtu akifa, cha juu kabisa ni cha maisha. Nitasema jambo moja tu kuhusu kuomba radhi. Usijipeleke kwenye msiba wala wodini. Hamu hiyo mara nyingi ni ya kupunguza uzito wako, na familia ile haijaomba kukubebea. Mawakili wa pande zote wana njia ya kuuliza kama wako tayari kupokea ujumbe. Wakisema hapana, jibu ni hapana.

Wakati umefungiwa leseni, usiguse usukani, hata kusogeza gari. Kukamatwa ukiendesha katika kipindi hicho ni kosa jipya, bima haipo, na mahakimu ambao walikuwa wapole mara ya kwanza hapo huandika kifungo bila kusita. Halafu panga kurudi. Watu wengi huamini leseni hurejea yenyewe siku ya mwisho ikifika, na sehemu nyingi si hivyo. Huombwa upya, pengine kwa mtihani, pengine kwa vipimo vya damu vinavyoweza kuonyesha unywaji mzito wa wiki kadhaa nyuma, na foleni ya daktari anayekubaliwa na mamlaka inaweza kuwa ndefu. Anza kuulizia utaratibu miezi mitatu kabla, ukiwa na hukumu yako na karatasi za matibabu kwenye bahasha moja.