"Kapona" baada ya jeraha la ubongo maana yake nini hasa?

Jeraha la ubongo ni pale kichwa kinapogongwa au kutikiswa kwa nguvu mpaka ubongo wenyewe unaumia. Si lazima fuvu lipasuke, unaweza kumkuta mtu hana hata mchubuko kumbe ndani nyuzi za neva zimevutika na nyingine zimekatika. Hospitali wanapima ukali kwa alama 3 mpaka 15, kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, wanaangalia unavyofungua macho, unavyojibu na unavyosogeza mikono na miguu. 13 kwenda juu jeraha dogo, 8 kushuka chini kali.

Sasa namba hiyo ni ya siku ile tu, na hapa ndo watu wengi tunachanganya mambo. Mtaani kwetu kuna kijana wa bodaboda alianguka, akakaa koma siku kadhaa, akarudi nyumbani anatembea mwenyewe, tukaenda kumpa pole na sukari na mchele, kila mtu anasema kapona. Mwezi haujaisha anabandika chai anaisahau mpaka sufuria inaungua, redio ikiwa juu kidogo anafoka, mchana kutwa amelala. Watu wakaanza, ooh kiburi, ooh kalogwa. Hakuna cha kulogwa, mwili umetoka hospitali ila ubongo bado uko kazini, kumbukumbu, hasira na uchovu ndo vinachelewa kukaa sawa, na havionekani kwenye kidonda.

Habari nzuri ni kwamba muda unasaidia kuliko tulivyokuwa tunadhani. Utafiti wa Marekani unaitwa TRACK-TBI, matokeo yake yalitoka 2021, uliwafuatilia wagonjwa mwaka mzima. Wenye jeraha kali, wiki mbili baada ya ajali ni kama 12 tu kati ya 100 waliokuwa na hali ya kuridhisha, yaani angalau wanaweza kuachwa nyumbani peke yao masaa kadhaa, lakini mwaka ulipofika walikuwa zaidi ya nusu. Ndo maana kukata tamaa wiki ya pili ni mapema mno jamani.

Halafu kuna Phineas Gage, fundi wa reli kule Vermont, Marekani, 1848 baruti ilirusha chuma cha zaidi ya mita moja kikapita chini ya shavu na kutokea utosini, na jamaa akaishi! Vitabu vingi vinaishia kusema alibadilika tabia, akawa mkali na mtu wa matusi, marafiki wakasema si Gage tena. Ila wanaruka kipande kitamu, miaka michache baadaye alienda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kama saba, kazi inayotaka ratiba, njia ndefu na kuongea na watu, wachunguzi wa siku hizi wanaona huenda ule utaratibu wa kila siku ndo uliomrudisha. Kijana wetu naye mama yake kambandikia karatasi juu ya jiko, ZIMA, na anaizima kweli.

Gage alifariki 1860, degedege zilimwanza akiwa keshapita miaka 11 tangu ajali. Kwa hiyo mtu aliyeumia kichwa akianza kuanguka kifafa miaka kadhaa baadaye, mpeleke hospitali na uwatajie ile ajali ya zamani, hata kama hakuna anayeikumbuka tena.