Asidi ya foliki: kwa nini huanzwa kabla ya mimba

Asidi ya foliki ni vitamini B9 iliyotengenezwa kiwandani. Ile ya asili, foleti, imo kwenye mboga za majani na jamii ya kunde, lakini nyingi hupotelea kwenye maji ya kupikia na kuharibiwa na moto. Inayobaki nayo mwili haiifyonzi vizuri kama ile ya kidonge. Ndiyo maana hata anayekula mboga kila siku huambiwa ameze vidonge.

Vitamini hii inahitajika kila mahali seli mpya zinapotengenezwa. Kwa mama, hizo ni pamoja na seli nyekundu za damu. Kwa mtoto, jambo kubwa la mwanzo ni mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Huanza kama utepe bapa. Kingo zake huinuka, hukutana na kushikana, na kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa kazi imekwisha. Usipofunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto huyo hufia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaponyoka wengi. Mwanamke anapoona siku zake zimepita, mimba tayari ina wiki mbili hivi. Zimebaki wiki mbili tu mrija ufunge. Akianza kliniki mwezi wa tatu na kupewa foliki hapo, itamsaidia kuzuia upungufu wa damu, na hilo si dogo, lakini kwa mrija wa neva amechelewa. Wajawazito wengi wamesikia jina la kidonge hiki. Kinachokosekana ni kuambiwa wakati wake, tena kabla hawajawa wajawazito.

Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Kwa kuwa mimba nyingi huja bila kupangwa, yeyote anayeweza kushika mimba ana sababu ya kumeza. Aliyechelewa aanze siku hiyohiyo. Baada ya wiki ya 12, kwa kawaida huendelea na kidonge chenye madini ya chuma na foliki pamoja.

Aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo la mrija wa neva huhitaji dozi kubwa, miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa maagizo ya daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa miligramu 4 zilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Wenye kisukari na wanaotumia dawa za kifafa, hasa valproate, nao wamwone daktari kabla ya kushika mimba, wala wasiache dawa zao wenyewe.

Soma lebo kwa makini. Miligramu 0.4 ndiyo mikrogramu 400. Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya hapo. Kwa asiye na sababu ya kukitumia, kinaweza kuficha dalili za upungufu wa vitamini B12, na hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito. Usijaribu pia kufikisha dozi kubwa kwa kurundika vidonge vya vitamini mchanganyiko: utazidisha vitamini A, ambayo ikizidi humdhuru mtoto.

Wanaoacha njiani mara nyingi hulalamikia kichefuchefu, kufunga choo na choo cheusi. Hayo kwa kawaida hutokana na madini ya chuma, si foliki. Meza usiku au baada ya chakula, mbali na chai na kahawa, kunywa maji ya kutosha, na matatizo hayo yakizidi mwambie mkunga akubadilishie kabla hujaacha vyote. Ukisahau siku moja, endelea kesho na kidonge kimoja kama kawaida.