Mwambie Sipo

Simu inaita. Mzazi anatazama jina la anayepiga, kisha anamkabidhi mtoto: “Mwambie sipo.” Mtoto huyohuyo juzi aliadhibiwa kwa kusema uongo. Anapokea, anayasema maneno aliyotumwa, na tangu hapo anajua kwamba kuna uongo unaokatazwa na uongo unaoagizwa.

Nafundisha fasihi na falsafa ya maadili, na kisa hiki ndicho ninachoanzia darasani, maana kila mwanafunzi amewahi kuwa yule mtoto. Wengi hukimbilia kusema ni uongo mdogo tu. Nawauliza: udogo wake umepimwa na nani? Na aliyepiga simu je, mwenye shida yake, angeuona mdogo?

Hapo ndipo falsafa ya maadili inapoanzia. Maadili yenyewe tunayo tayari: tumelelewa nayo, tunayafuata kabla hatujayafikiria. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi mmoja na uadilifu, wenye maana ya haki na usawa. Katika Kiarabu mzizi huo unataja pia nusu ya mzigo wa mnyama inayolingana na nusu ya upande wa pili. Naipenda sana picha hiyo. Falsafa huja pale mzigo unapoanza kulemea upande mmoja, tukalazimika kusimama na kuuliza kwa nini. (Miiko ya kazi, kama ile inayomzuia daktari kutoa siri ya mgonjwa, ni jambo jingine: imeandikwa, na anayeivunja ana pa kushtakiwa.)

Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi akakuuliza kama rafiki yako kajificha kwako, huna haki ya kumdanganya. Darasa hupandwa na hasira. Mimi pia sikubaliani naye. Ningemdanganya muuaji huyo bila kusita. Lakini nawasihi wasimwache Kant upesi, kwa sababu hoja yake inauma: ukweli ni deni kwa watu wote, na nikijipa ruhusa ya kuchagua nani anaustahili, nitajiruhusu kila inaponifaa. Wanaopima tendo kwa matokeo yake watamjibu kwamba uhai umeokolewa, basi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angeuliza swali tofauti kabisa: anayesema “sipo” kila siku anakuwa mtu wa namna gani? Swali hili la mwisho ndilo linalonirudia zaidi nikiwa peke yangu.

Fasihi nayo? Tumezoeshwa kuiuliza swali moja tu: hadithi inatufunza nini? Swali hilo limeharibu wasomaji wengi. Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Ukiitafutia funzo utalipata haraka: msichana aliyejiachia akaangamia, basi wasichana wajichunge. Hata mtihani utaukubali ufupisho huo.

Rudi sasa kwenye kurasa za mwanzo. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi anayempiga mkewe, na binti naye anakula kipigo kwa ajili ya barua ya mvulana. Zakaria anamlinda bintiye kwa hofu tupu. Rosa anapofika chuoni, mbali na macho ya baba, hana chochote ndani yake cha kumwongoza, kwa kuwa alichofundishwa ni kuogopa, na wa kumwogopa hayupo. Kosa ni la nani, basi? Rosa anachagua, mwandishi hamfanyi mwanasesere, na mimi simwondolei lawama yote. Lakini siwezi kumhukumu peke yake huku Zakaria akipita pembeni kama baba mkali tu. Riwaya inanishika mkono nisiikate hukumu kabla ya kuwaona wote waliohusika. Mahubiri hayanifanyii hivyo, wala kanuni za Kant.

Kwa hiyo siku hizi silitumi tena darasa likatafute funzo. Naliomba litaje ukurasa ambapo mambo yangeweza kwenda vingine, na nani alipaswa kufanya nini hapo. Muhula mmoja majibu mengi yalielekea chuoni, kwa wanaume waliomzunguka Rosa. Mwanafunzi mmoja alitaja nyumbani, siku ya kipigo cha barua. Aliandika kwamba pale alipaswa kuwapo mtu mzima mmoja wa kumuuliza Rosa yeye mwenyewe anamwonaje yule mvulana, kisha akaketi kumsikiliza.

Chini yake alikuwa ameongeza kwa penseli: “Mimi nina mdogo wangu wa umri huo.”