Mahakama ya Salem katika tamthilia ya Arthur Miller: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaosoma The Crucible, tamthilia ambayo Arthur Miller aliipeleka jukwaani New York mnamo Januari 1953 akisimulia kesi za uchawi za mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, nchini Marekani, hushika kwamba ni kisa cha wasichana waongo walioihadaa mahakama iliyokuwa ikitafuta haki. Dhana hii inawabebesha watoto mzigo wote na kuwasafisha majaji. Uongo wa Abigail, kiongozi wa wasichana hao, ungebaki kuwa umbea wa kijijini kama wasingekuwapo watu wenye mihuri na magereza wa kuupa nguvu ya sheria. Katika tendo la tatu, mkulima John Proctor anamkabidhi Naibu Gavana Danforth, anayeongoza mahakama, hati iliyotiwa saini na wakulima 91 wanaoshuhudia wema wa wanawake walioshtakiwa, na mzee Francis Nurse, ambaye mkewe Rebecca anashikiliwa, amewaahidi watu hao kwamba hawatapatwa na lolote. Danforth anaamuru wote wakamatwe na kuhojiwa. Karatasi iliyoletwa kuwa utetezi inageuka mikononi mwake kuwa orodha ya washukiwa, na mzee wa watu anatambua, akiwa amesimama palepale, kwamba amewaletea balaa majirani waliomwamini. Wakati huo Abigail na wenzake hawajaingia hata chumbani. Jambo hilo limetendwa na mamlaka peke yake.

Wapo pia wanaosema kwamba Danforth ni mkali tu, hana ufisadi, kwa kuwa hatumwoni akipokea rushwa. Wanaosema hivyo wanaufupisha mno ufisadi. Katika tendo la nne, anapoombwa awasamehe waliohukumiwa au walau aahirishe kunyonga, anajibu kwamba hawezi kuwasamehe hawa ilhali 12 wamekwisha kunyongwa kwa kosa hilohilo. Maana yake ni kwamba maiti za jana zimekuwa sababu ya kuua leo, kwa sababu kukiri kosa kungeivunjia mahakama heshima. Kwangu mimi huo ni uozo mbaya kuliko bahasha, maana anayeutenda hulala usingizi akiamini kwamba ameilinda sheria.

Wala uporaji wa wazi haukukosekana Salem yenyewe. Robert Calef, aliyeishi zama hizo, ameandika jinsi sherifu alivyofika nyumbani kwa John Proctor, akachukua mifugo, akamwaga bia iliyokuwa katika pipa ili aondoke na pipa, akamwaga na mchuzi uliokuwa chunguni ili aondoke na chungu, na hakuwaachia watoto chochote cha kuwalisha.

Kosa lingine ni kumchukulia Danforth wa jukwaani kuwa ndiye Thomas Danforth wa historia, ambaye kwa kweli hakuwa miongoni mwa majaji wa mahakama maalumu ya mwaka 1692. Miller alikusanya majaji kadhaa katika wahusika wachache. Aliyeiongoza mahakama hiyo ni William Stoughton, na mwenendo wake unatosha kabisa kuithibitisha tamthilia: baraza la wazee wa mahakama lilipomwona Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, hana hatia, Stoughton aliwataka walitafakari upya jambo moja alilolitamka bibi huyo. Walirudi na hukumu ya hatia, naye akanyongwa tarehe 19 Julai.

Kuhusu mapenzi ya Proctor na Abigail, hayo ni ubunifu wa mwandishi, kwani Proctor halisi alikuwa na umri wa miaka 60 hivi na Abigail takriban 11. Ugomvi wake na mahakama, hata hivyo, haukubuniwa. Tarehe 23 Julai 1692 aliwaandikia wachungaji wa Boston kutoka gerezani, akiomba kesi zihamishwe au majaji wabadilishwe, na akaeleza jinsi vijana walivyofungwa shingo pamoja na visigino hadi damu ikakaribia kuwatoka puani, ili wakiri. Alinyongwa tarehe 19 Agosti.

Hakuna aliyechomwa moto Salem. Walionyongwa ni 19, na Giles Corey alikufa kwa kukandamizwa na mawe kwa sababu alikataa kukubali kushtakiwa na mahakama ile. Tena, kinyume na inavyodhaniwa, waliokiri uchawi hawakunyongwa. Waliopelekwa kwenye kitanzi ni wale walioshikilia kwamba hawana hatia. Bila kulifahamu hili mtu hawezi kuelewa kwa nini Proctor wa jukwaani anairarua karatasi ya kukiri ambayo ingemwokoa, baada ya kusikia kwamba itabandikwa kwenye mlango wa kanisa.

Mwisho, husemwa kwamba Miller alikuwa akisimulia yaliyompata mbele ya Joseph McCarthy, seneta wa Marekani aliyewaandama walioshukiwa kuwa wakomunisti. Miller hakuhojiwa na McCarthy. Aliitwa mwaka 1956, miaka mitatu baada ya tamthilia, na kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwachunguza wakomunisti, ambamo seneta huyo hakuwa mjumbe. Alikubali kujieleza mwenyewe lakini akakataa kuwataja waandishi aliokutana nao mikutanoni, akatiwa hatiani mwaka 1957 kwa kulidharau bunge, na hukumu ikatenguliwa mwaka 1958. Proctor wake alikuwa amekwisha kulitenda jambo hilohilo jukwaani, alipotakiwa aseme kama alimwona Rebecca Nurse pamoja na shetani, akajibu kwamba atazisema dhambi zake tu.