Bao la kwanza la Kombe la Dunia halikufungwa Centenario

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, hadithi ileile hurudi: Mfaransa Lucien Laurent alifunga bao la kwanza la mashindano hayo katika uwanja mkubwa wa Centenario, Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Mfungaji ni yeye kweli. Uwanja sio huo.

Tarehe 13 Julai 1930, Centenario ilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Ilifunguliwa tarehe 18, Uruguay ilipocheza na Peru. Ufaransa na Mexico zilikutana Pocitos, uwanja mdogo wa klabu ya Peñarol, ambao leo haupo tena. Dakika ya 19, Ernest Libérati alipiga krosi kutoka kulia, Laurent akaiunganisha kabla mpira haujagusa chini. Wenzake wakampa mkono, mchezo ukaendelea. Muda mfupi baadaye kipa Alex Thépot aliumia, na kwa kuwa hapakuwa na wachezaji wa akiba, kiungo Augustin Chantrel akakaa golini. Ufaransa ilishinda 4-1.

Wala Laurent hakuwa nyota wa kulipwa. Soka ya kulipwa ilianza Ufaransa mwaka 1932. Yeye alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya magari ya Peugeot akichezea klabu ya Sochaux. Aliichezea Ufaransa mechi 10 tu, mabao 2, na la pili naona linasahauliwa bure: aliifunga Uingereza mwaka 1931, Ufaransa ikashinda 5-2.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipokuja alitekwa na Wajerumani. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 97, baada ya kuiona Ufaransa ikitwaa kombe mwaka 1998.