Simu Mbili za Bei Nafuu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Mawasiliano

Dhana potofu: Simu zote mbili zimeandikwa 4G, kwa hiyo zitashika mtandao sawasawa.

Ukweli: Alama hiyo hutaja kizazi cha teknolojia tu, ilhali kinachoamua ni bendi za masafa, yaani mafungu ya mawimbi ya redio, ambazo simu ina uwezo wa kuzipokea. Iwapo mtoa huduma anarusha 4G kwa megahezi 800, yaani bendi ya 20, ambayo hufika mbali na kupenya kuta kuliko bendi ya 3 ya megahezi 1800, simu isiyo na bendi hiyo itashuka hadi 3G au 2G, huku ile iliyo kando yake mezani ikiendelea na 4G kama kawaida. Tena simu ya jina moja huweza kuuzwa katika matoleo yenye bendi tofauti kulingana na soko, hivyo kinachopaswa kulinganishwa ni namba ya modeli iliyo kwenye boksi. Kwangu mimi bendi husomwa kabla ya kamera. Hata 5G haiongezi chochote mahali ambapo mnara wake haupo.

Dhana potofu: Wi-Fi ni ileile tu.

Ukweli: Baadhi ya simu za bei nafuu hupokea gigahezi 2.4 pekee, masafa yenye chaneli tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo katika jengo la ghorofa hugombewa na ruta za majirani wote. Inayopokea pia gigahezi 5 hupata nafasi pana na kasi kubwa zaidi, ingawa mawimbi hayo hufifia mapema yakikutana na kuta. Iwapo ruta inarusha masafa hayo mawili kwa majina tofauti, fungua orodha ya mitandao kwenye kila simu: ile ya gigahezi 2.4 pekee haitaonyesha kabisa jina la pili.

Dhana potofu: Tundu la USB-C huhamisha mafaili kwa kasi zaidi.

Ukweli: C ni umbo la tundu. Simu nyingi za bei hii bado hutumia USB 2.0, yenye ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde.

Dhana potofu: GPS hula bando.

Ukweli: GPS yenyewe hupokea tu mawimbi ya satelaiti zilizo takriban kilomita 20,000 juu yetu, kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa, nayo huweza kuhifadhiwa mapema. Tofauti ya kuulizia ni kitambuzi cha dira, kwa sababu simu isiyo nacho itakuonyesha ulipo, lakini mshale wake hautajua umeelekea upande gani mpaka uanze kutembea.